Ombwe na Ndoo: Historia ya Kukamua Maziwa katika Nyanda za Gusii

Katika kaunti za Kisii na Nyamira, ambako sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 na 605,576 mtawalia, maziwa mengi bado hutoka kiweleni kwa nguvu ya vidole. Jambo hili linastahili kuelezwa, kwa kuwa pampu ya ombwe, yaani mashine inayoondoa hewa katika mabomba ili maziwa yavutwe kutoka kwenye chuchu bila mkono wa mtu, ilikuwa imeshabuniwa kabla Waingereza hawajajenga kituo chao Getembe, mahali panapoitwa mji wa Kisii leo. Historia ya kukamua katika nyanda hizi ni ya mambo mawili yaliyopishana njiani: mashine iliyozaliwa katika mashamba makubwa ya ng'ambo, na shamba la Gusii lililozidi kugawanywa kila baba alipowarithisha wanawe. Mashine ilipokaribia, shamba lilikuwa limeshakuwa dogo mno kuipokea.

Maziwa ya ebisarate, hadi 1913

Abagusii walipokwisha kukaa katika vilima hivi vyenye mvua nyingi, mali yao kubwa ilikuwa ng'ombe, na ng'ombe hao hawakulala wote nyumbani. Wengi waliwekwa katika ebisarate (umoja wake ni egesarate), yaani kambi za mifugo zilizozungushiwa ua imara na kulindwa na vijana wenye silaha ambao hawajaoa, kwa sababu mashambulizi ya majirani, hasa Wakipsigis na Wamaasai, yalikuwa hatari ya kila msimu. Katika kambi hizo maziwa yalikuwa chakula cha vijana wenyewe, na yaliyobaki yaligandishwa katika vibuyu hata yakawa amabere amaruranu, maziwa mala ya Kigusii, ambayo yaliweza kukaa siku nyingi bila kuharibika na yaliliwa pamoja na obokima, ugali wa wimbi.

Ng'ombe wa zama hizo alikuwa zebu, mwenye nundu, mvumilivu wa jua na kupe, lakini mwenye maziwa machache, mara nyingi lita moja au mbili kwa siku baada ya ndama kupata sehemu yake. Alikuwa pia na tabia moja ambayo ingekuja kuwa na maana kubwa katika historia ya mashine: hateremshi maziwa asipomwona ndama wake na kuguswa naye. Kwa hiyo mkamuaji wa zamani aliachia ndama anyonye kidogo, akamvuta kando, akakamua upesi kabla kiwele hakijafunga, kisha akamrudisha ndama amalizie. Kazi hii ilitaka mtu anayemjua ng'ombe mmoja mmoja, na hakuna chombo cha chuma ambacho kingeweza kuchukua nafasi yake.

Miaka ya 1890 sotoka, ule ugonjwa wa mifugo uliopita Afrika Mashariki yote kama moto wa nyika, ulipunguza makundi ya ng'ombe katika eneo zima. Kisha wakaja Waingereza. Msafara wao wa kijeshi wa mwaka 1905 ulichukua ng'ombe kwa maelfu. Mwaka 1907 kituo cha utawala kikajengwa. Na mwezi Januari 1908 Mgusii Otenyo, akiwa amechochewa na maneno ya nabii Moraa, alimchoma mkuki ofisa G. A. S. Northcote, tendo lililoleta msafara mwingine wa adhabu na unyang'anyi mwingine wa mifugo. Kati ya mwaka 1912 na 1913 serikali ilipiga marufuku ebisarate, kwa kuwa iliziona kuwa ngome za vijana wasiotawalika.

Amri hiyo ilibadilisha maziwa ya Gusii kuliko wengi wanavyodhani. Ng'ombe waliokuwa wakilishwa mbali walirudishwa katika boma la kila familia, wakawa wanagombania ardhi na wimbi na baadaye mahindi, na kuanzia hapo idadi yao ilitegemea ukubwa wa shamba la mwenyewe. Ndipo mbio kati ya shamba na mashine zilipoanza, ingawa mashine ilikuwa bado iko mbali.

Ombwe lafika kiweleni, 1889–1917

Ombwe ni nafasi iliyoondolewa hewa, yote au sehemu. Mjerumani Otto von Guericke alikuwa ameonyesha nguvu yake katika karne ya 17, alipounganisha vibakuli viwili vya shaba na kuondoa hewa iliyokuwa ndani, hata farasi waliovuta kila upande wakashindwa kuvitenganisha. Iliwachukua wafugaji zaidi ya karne mbili kuitumia nguvu hiyo zizini. Mwaka 1889 Mskoti William Murchland alitengeneza mashine iliyovuta maziwa kwa ombwe lisilokatika, na hapo ndipo kasoro yake ilipokuwa: chuchu inayovutwa bila kupumzishwa hujaa damu, huvimba, na mwishowe ng'ombe huanza kurusha mateke. Mwaka 1895, Glasgow, mashine iliyoitwa Thistle iliongeza mpigo, yaani kuvuta na kuachia kwa zamu, kama afanyavyo ndama anaponyonya na kumeza. Miaka michache baadaye, huko Australia, Alexander Gillies alitengeneza kikombe cha chuchu chenye vyumba viwili, ambamo mpira laini huikumbatia chuchu na kuiachia huku ombwe likiendelea kuvuta maziwa chini yake, na kanuni hiyo haijabadilika hadi leo. Kampuni ya De Laval ya Sweden, iliyokwisha kupata sifa kwa mashine ya kutenga krimu, iliingiza sokoni mashine yake ya kukamua mwaka 1917.

Sababu iliyoisukuma kazi hii yote haikuwa sayansi peke yake. Katika nchi hizo vijana wa mashambani walikuwa wakihamia mijini na viwandani, mishahara ya wakamuaji ilipanda, na mwenye ng'ombe thelathini alilazimika kutafuta mkono mwingine usiochoka. Mashine ya kukamua ilibuniwa mahali ambapo ardhi ilikuwa nyingi na mikono michache. Gusii ilikuwa ikielekea kinyume.

Ng'ombe nyuma ya uzio, 1913–1963

Walowezi wa Kizungu walianzisha chama chao cha maziwa, Kenya Co-operative Creameries, kinachojulikana kwa kifupi KCC, mwaka 1925, na kwa miongo mitatu iliyofuata soko rasmi la maziwa nchini lilikuwa lao. Hata hivyo, kuwa na soko na mitaji hakukuwafanya wote wakimbilie ombwe. Katika mashamba mengi ya walowezi kukamua kuliendelea kufanywa na vibarua Waafrika, ambao mshahara wao ulikuwa mdogo kiasi kwamba pampu, mota, mafuta na vipuri vya kuagiza vilikuwa ghali kuliko watu, na uhaba wa wafanyakazi ambao ungeleta mashine haukuwapo. Ni jambo la kuhuzunisha, lakini ni kweli: unyonge wa mkamuaji ndio uliomlinda asiondolewe kazini na chuma.

Kwa upande wa Abagusii, ng'ombe wa maziwa wa kizazi cha Ulaya, ambao Wakenya huwaita ng'ombe wa gredi, walikuwa nyuma ya uzio wa kisheria na wa magonjwa. Ndigana kali, homa inayoenezwa na kupe, iliua ng'ombe wa gredi upesi pasipokuwa na majosho, na hofu ya maambukizi ilitumika kuzuia Waafrika wasifuge ng'ombe hao karibu na mashamba ya walowezi. Zaidi ya hayo, ndani ya Gusii yenyewe thamani ya ng'ombe ilipimwa kwa kipimo kingine. Philip Mayer, mtaalamu wa anthropolojia aliyechunguza jamii hii miaka ya 1940, alionyesha jinsi mahari ya ng'ombe ilivyoshikilia mfumo mzima wa ndoa, na jinsi idadi ya ng'ombe waliodaiwa ilivyokuwa ikipanda. Ng'ombe aliyekusudiwa kuolea mke wa mtoto wa kiume alikuwa ahadi kwanza, na maziwa yake yalifuata baadaye.

Kahawa iliyoruhusiwa miaka ya 1930, kisha pareto na chai katika miaka ya 1950, ilianza kuyala malisho. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, ambao serikali ya kikoloni iliuanzisha katikati ya vita vya Mau Mau ili kuwapa wakulima Waafrika hati za ardhi na mazao ya biashara, ulifungua pia njia ya ng'ombe wa gredi. Kwa hiyo Gusii iliingia katika uhuru ikiwa na soko jipya la maziwa mbele yake na malisho yanayopungua nyuma yake.

Borabu na njia ya Sotik

Mashariki mwa Gusii, katika nchi ya Sotik, serikali ya kikoloni ilikuwa imewapa walowezi ukanda wa ardhi uliowatenganisha Abagusii na Wakipsigis. Kupitia Mpango wa Ekari Milioni Moja ulioanza mwaka 1962, sehemu ya ukanda huo ilinunuliwa na kugawiwa familia za Kigusii kwa mikopo, na hivyo likazaliwa eneo la Borabu, lenye makao yake Nyansiongo, ambalo leo liko katika Kaunti ya Nyamira. Mashamba ya Borabu yalikuwa na ekari nyingi kuliko yale ya vilima vya Kisii, na malisho yake yaliweza kubeba kundi la Friesian au Ayrshire.

Kama kuna mahali Gusii ambapo pampu ya ombwe ingeweza kupata maskani mapema, ni hapa. Kiwanda cha KCC kilikuwa karibu, Sotik. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Mwai Kibaki katikati ya miaka ya 1960 ilipendekeza mfumo wa mgawo uliowapendelea wauzaji wakubwa uondolewe, na baada ya kuondolewa mkulima mdogo akaweza kupeleka mkebe wake wa alumini kando ya barabara na kuhesabiwa kama wengine. Huduma ya kitaifa ya uhamilishaji, iliyoanzishwa mwaka 1966 kwa msaada wa Sweden, ilimletea mbegu ya fahali bora bila kumlazimu kufuga fahali. Mwaka 1979 mpango wa maziwa ya shule, maarufu kama maziwa ya Nyayo, yaliyokuja katika pakiti za pembetatu, uliongeza mahitaji ya maziwa ghafla katika nchi nzima.

Lakini mashine inahitaji nguvu ya kuiendesha. Vijijini umeme ulikuwa haba, injini ya dizeli ililipa tu pale ilipokuwa na kazi nyingine kama kusaga mahindi, na vijana wa kukamua walipatikana kila boma. Mashamba ya Borabu nayo yakaanza kugawiwa wana. Mgawanyo wa shamba la ekari thelathini kati ya wana watano huacha ng'ombe wawili au watatu kwa kila mmoja, na hapo hesabu hubadilika: kwa mkono, ng'ombe mmoja hukamuliwa kwa takriban dakika kumi, ilhali mabomba, mipira na ndoo ya mashine huhitaji kuoshwa kwa maji ya moto na dawa kila baada ya mkamuo, asubuhi na jioni. Kwa mwenye ng'ombe wawili, kuosha mashine huchukua muda mrefu kuliko kukamua kwenyewe. Sababu hii, ambayo haionekani katika matangazo ya wauzaji, imezuia ombwe lisiingie Gusii kuliko bei.

Banda na matete, 1980–2003

Mwaka 1980 serikali, kwa msaada wa Uholanzi, ilianzisha Mradi wa Kitaifa wa Maendeleo ya Maziwa, ambao hadi ulipofungwa mwaka 1995 ulifundisha ufugaji wa bandani katika wilaya zenye watu wengi. Ng'ombe hafungwi tena malishoni. Hujengewa banda lenye vyumba vya kulala, hori na sakafu ya saruji, na majani ya matete hukatwa na kuletwa mbele yake. Katika vilima vya Kisii na Nyamira njia hii ilifaa kana kwamba ilibuniwa kwa ajili yake, kwa kuwa matete huota kwenye kingo za matuta ambako hakuna zao lingine, na samadi hurudi moja kwa moja kwenye migomba na chai.

Banda lilileta pia mabadiliko katika mkono wa mkamuaji. Ng'ombe wa gredi, aliyetenganishwa na ndama mapema, hujifunza kuteremsha maziwa kwa kuoshwa kiwele kwa maji ya uvuguvugu na kwa mlio wa ndoo, bila ndama kuwapo. Mkamuaji hupaka chuchu mafuta ya kukamulia, hushika kwa kiganja kizima, hufunga kwa kidole gumba na cha shahada juu, kisha hukaza vidole vingine kimoja baada ya kingine kwenda chini, badala ya kuvuta chuchu kwa vidole viwili kama wafanyavyo wengi na kuiumiza. Kwa namna hiyo kila alichokuwa akikifanya ndama katika egesarate kilihamia katika vidole na maji ya moto, na ng'ombe wa Gusii, bila mtu kukusudia, akawa tayari kwa mashine ambayo haikuwapo.

Mwaka 1992 soko la maziwa lilifunguliwa kwa kila mtu. KCC ilidhoofika katika miaka iliyofuata, na wachuuzi wa baiskeli, baadaye wa pikipiki, wakawa ndio wanunuzi wa kweli wa vijijini, mpaka serikali ilipoichukua tena na kuifufua kama New KCC mwaka 2003. Katika kipindi hicho mfugaji alijifunza kutowekeza katika chombo chochote ambacho hangeweza kukiuza kesho.

Pampu zilizopata kazi ya pili

Wakati huohuo, upande mwingine wa dunia, pampu za maziwa zilikuwa zikifuata mkondo wa kinyume, na mkondo huo unasaidia kueleza kilichotokea Gusii. Katika jimbo la Vermont nchini Marekani na katika Quebec nchini Kanada huota mti uitwao mepoli, ambao mwishoni mwa majira ya baridi, usiku unapoganda na mchana unapoyeyusha barafu, hutoa utomvu mwepesi kama maji. Lita 40 hivi za utomvu huchemshwa hata ibaki lita moja ya asali ya mti. Mwaka 1959 Nelson Griggs wa Vermont alipewa hataza ya mirija ya plastiki ya kukusanyia utomvu, na haikuchukua muda mrefu wenye misitu kugundua kwamba ombwe katika mirija hiyo huongeza utomvu. Walikuwa na pampu mkononi: wafugaji wadogo walipokuwa wakiacha biashara ya maziwa, pampu zao za kukamulia zilibaki katika mabanda matupu.

Pampu hizo, hata hivyo, zilikuwa zimetengenezwa kwa ombwe la inchi 15 hivi za zebaki, kipimo kinachoonyesha jinsi hewa ilivyopungua ndani ya bomba, nao wavuna utomvu walitaka inchi 25 na zaidi. Pampu ikilazimishwa hivyo kwa saa nyingi hupata joto, oili yake huwa nyepesi, na vyuma husagana. Basi wamiliki wake wakaongeza vipozeo, wakatengeneza vyombo vya kuirudisha oili badala ya kuitapika nje, na kwa uangalizi huo pampu za nusu karne iliyopita zinaendelea kufanya kazi. Marekani ilikuwa na pampu zilizofiwa na ng'ombe, na Gusii ilikuwa na ng'ombe ambao hawajawahi kukutana na pampu.

Umeme, geji na oili, tangu 2007

Baada ya Mamlaka ya Usambazaji wa Umeme Vijijini kuanza kazi mwaka 2007, na mpango uliozinduliwa mwaka 2015 wa kuwaunganishia umeme watu wanaokaa karibu na transfoma, kikwazo cha nguvu kilianza kupungua katika vilima vya Gusii. Mashine ndogo ya ndoo, yenye mota moja, pampu moja na vikombe vinne juu ya magurudumu mawili, huuzwa sasa katika maduka ya vifaa vya mifugo nchini, na pampu zilizokwisha tumika nazo hupata wanunuzi. Kwa hiyo swali limehama kutoka kununua hadi kutunza, na hapa mafundi wa jua kali wana kazi ya kufanya ambayo bado haijapewa heshima inayostahili katika mafunzo ya ufugaji.

Pampu ya zamani ya kukamulia, kwa kawaida, ni silinda ya chuma cha kusubu ambayo ndani yake huzunguka rota iliyowekwa kando kidogo ya katikati. Katika mifereji ya rota mna mabapa, yaani vipande vyembamba vinavyoteleza nje kwa nguvu ya mzunguko na kukwangua ukuta wa silinda, vikisukuma hewa mbele yake na kuacha ombwe nyuma. Oili hudondoka tone kwa tone kutoka katika kikombe cha kioo kilichoko juu, na kioo hicho ndicho jicho la fundi: matone yakikoma, mabapa hukauka na kulika, yakizidi, bomba la kutolea hewa hutema oili bandani. Adui mkubwa ni maziwa yenyewe. Ndoo ikifurika na mtego wa maji, yaani chombo cha kuzuia majimaji yasifike kwenye pampu, ukapitwa, maziwa huingia ndani ya pampu, hugandana na oili, na mabapa hunata katika mifereji yake; pampu huzunguka kwa sauti ileile, lakini sindano ya geji haipandi. Fundi anayeijua huivutisha mchanganyiko mdogo wa oili na mafuta ya taa, akiwa amekata mabomba ya kukamulia, mpaka uchafu utoke, kisha huipa oili safi ya uzito unaofaa na kukaza mkanda wa mota kiasi cha kubonyea kidogo kwa kidole.

Kuna jambo moja zaidi ambalo vitabu vya maelekezo, vilivyoandikwa kwa nchi za tambarare, huliacha. Kisii iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa, yaani uzito wa hewa unaokandamiza kila kitu, ni karibu kilopaskali 82 badala ya 101 za pwani. Ili kupata ombwe la kilopaskali 50 linalohitajika kukamulia, pampu ileile ikiwa Kisii husukuma hewa pungufu kuliko ikiwa Mombasa, hivyo pampu iliyotosha ndoo nne huko chini huenda ikatosha tatu tu Nyamira. Na zile inchi 25 za zebaki ambazo wavuna utomvu wa Vermont huzitafuta haziwezi kufikiwa Kisii kwa pampu ya aina yoyote, kwa sababu hewa yote iliyopo juu ya mji huo haifiki inchi 25.

Umeme ukikatika wakati wa mkamuo wa jioni, kama utokeavyo hasa katika msimu wa mvua, vikombe huanguka kutoka kwenye kiwele ombwe linapopotea, na ng'ombe aliyekwisha kuteremsha maziwa hawezi kungoja stima irudi. Mwenye banda huchukua ndoo na kopo la mafuta ya kukamulia, hukaa kwenye kigoda, na kumalizia kwa mkono.